Magoti ya Foro

Mdogo wangu Telésforo, tunayemwita Foro, ameketi hapo barazani kwenye kiti chake cha kamba. Anajifanya amesinzia, lakini masikio yote yako huku. Nikikosea ataingilia. Mwacheni aingilie. Alichuchumaa miaka ishirini na miwili nyuma ya wapigaji akidaka mipira, na leo kunyanyuka tu kwenye kiti ni kazi ya watu wawili, kwa hiyo hawezi kunifikia.

Mimi ni Nicolasa, watu huniita Colasa. Nimekaanga yanikeke, vile vimkate bapa vya unga wa ngano, kwenye lango la uwanja wa mji wetu tangu ukuta ulipokuwa wa mbao, na watu wakishakula yanikeke ya moto humwaga siri zao zote za besiboli. Ninajua mengi. Lakini maisha ya Foro uwanjani hayakuanzia uwanjani. Yalianzia kitandani.

Alipokuwa na miaka sita, miguu ilimwisha nguvu. Haikumuuma, ililegea tu, kama nguo iliyolowekwa. Miezi minane Mama alimbeba mgongoni kwenda chooni, kisimani, kanisani. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilimwonea wivu, Mungu anisamehe, kwa sababu mimi nilitembea. Madaktari wawili walimwangalia, wakampa dawa ya maji yenye ladha ya maganda ya chungwa, na miguu ikabaki vilevile.

Ndipo Mama akamgeukia Bikira wa Altagracia. Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Watu wenye akili zao humwahidi Bikira kitu walicho nacho au watakachoweza kukipata: mshumaa wenye kimo cha mtoto, kimguu cha fedha, kutembea kwa miguu hadi kanisani kwake Higüey, kuvaa nguo za gunia mwaka mzima. Mama yangu, Doña Eduvigis, mwanamke aliyezaliwa kwenye kambi ya wakata miwa ambako hata kuku wanajua sheria za besiboli, aliitazama picha ya Bikira juu ya kitanda akasema, "Mpe miguu mwanangu, nami nitakuletea mpira wa jonroni yake ya kwanza kwenye ligi ya kulipwa."

Jonroni, kwa asiyejua, ni pale mpigaji anapopiga mpira mara moja akazunguka vituo vyote vinne na kurudi alipoanzia. Kwa kawaida mpira unavuka ukuta, na mwenyewe anazunguka polepole akipunga mkono kama bwana harusi. Mtoto hawezi hata kusimama, na mama yake ameshamsajili ligi ya kulipwa na ameshamtolea ahadi ya kuvusha ukuta. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. "Eduvigis," walimwambia, "umemfanya Bikira kocha."

Wiki ya tatu nilimkuta Foro uani amesimama. Ameegemea mpini wa ufagio, miguu inamtetemeka, anamwamuru binamu yetu amtupie soksi kuukuu iliyoviringwa. Nilikimbia kumwita Mama. Mama alitoka na unga mikononi, akamtazama, akaketi pale pale mlangoni akalia. Alipomaliza kulia akasema, "Haya, mwanangu. Sasa piga mbali."

"Ile soksi niliipiga ikapita banda la nguruwe," anasema Foro kutoka barazani. Hata kidogo. Ilianguka miguuni pake.

Na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake maisha yote. Mikono alikuwa nayo, macho alikuwa nayo, na kichwa chenye besiboli nyingi kuliko maktaba. Lakini mpira wake haukwenda mbali. Alisajiliwa na Wamarekani akiwa na miaka kumi na saba, akaenda kukaa kwenye baridi misimu miwili, akarudi na koti moja zito na jino moja pungufu. Walimwambia, "Kijana, unadaka kama malaika na unapiga kama seremala anayeogopa kuamsha mtoto." Timu yetu ya mji, Kaa, ikamchukua kwa ligi ya majira ya baridi, na hapo ndipo alipobaki.

Alikuwa mdakaji. Huyo ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, wavu wa chuma usoni, akimwonyesha mtupaji wake kwa vidole aina ya mpira wa kutupa. Ndiye anayeumia kuliko wote na ndiye ambaye hakuna anayenunua picha yake. Vidole vyake hivi, vitazameni, ni tangawizi tupu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Foro aliinama siku nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Aliwajua watupaji vijana kwa majina ya mama zao. Mtupaji akianza kutetemeka, Foro alimwendea pale katikati na kumuuliza, "Mama yako Basilia amepika nini leo?" Kijana anacheka, bega linalegea, mpira unanyooka. Msimu wa miwa akaendesha trekta, msimu wa besiboli akadaka. Alioa, akazaa watoto watatu wakorofi, na nyumbani kwake hapajawahi kukosa kelele. Aliyafurahia maisha yake kuliko wengi waliovusha ukuta kila wiki.

Ila Mama. Kila tarehe ishirini na moja Januari, sikukuu ya Bikira, kambi nzima ilipanda magari kwenda Higüey. Ni safari ya saa moja. Mama alisimama mlangoni akatuaga, akarudi ndani. Alisema, "Ahadi ni deni. Anayekudai humwendei mikono mitupu." Mwanamke aliyempenda Bikira kuliko sote hakuwahi kumtembelea tena.

Na si kwamba Foro hakujaribu. Msimu wake wa nne alipiga mmoja ukagonga ukuta, shubiri moja tu kutoka juu. Msimu wa kumi na moja aliuvusha kabisa. Naapa, niliuona kwa macho yangu nikaacha yanikeke ziungue. Mji mzima ulisimama. Kijana mmoja aliukimbilia ule mpira barabarani akauleta. Kisha, kabla mchezo haujafika katikati, mvua ikanyesha, na ilinyesha kweli kweli, mpaka mwamuzi akafuta mchezo wote. Mchezo ukifutwa, kila kilichotokea ndani yake kinafutwa. Foro aliuleta mpira nyumbani hata hivyo, umefutwa matope vizuri, ndani ya kitambaa.

Mama aliugeuzageuza mkononi. "Umeandikwa kitabuni mwa ligi?"

"Haujaandikwa, Mama. Lakini ulivuka. Muulize Colasa."

"Bikira hakukupa miguu ambayo haikuandikwa kitabuni," Mama akasema, akamrudishia. Mpira ule mpaka leo unazuia mlango wangu wa jikoni usijibamize.

Padre Anselmo naye alijaribu. Alimwambia Mama kwamba anaweza kumgeuzia ile ahadi, amlipe Bikira kwa mshumaa mkubwa na rozari hamsini, mambo yaishe. Mama akamjibu kwa adabu zote, "Padre, mtoto angepona mguu mmoja ningekubali." Padre akanywa kahawa yake akaenda zake. Mtangazaji wa redio naye hakutuacha. Kila msimu ulipofunguliwa alisema hewani, "Doña Eduvigis, vuta subira." Wateja wangu nao hawakukosa wa kuniuliza, "Colasa, Bikira ameshapata mpira wake?" Niliwajibu, "Bado, na wewe hujapata chenji yako, kaa foleni."

Mtu hucheka, lakini miaka inakwenda. Foro alifika arobaini na mmoja. Magoti yake yalilia kama bawaba asubuhi. Mama alifika themanini na moja, macho yana ukungu, na daktari aliniita pembeni akaniambia moyo wake umechoka, nisimpandishe ngazi. Na kwetu ahadi hairithiwi kwa utani. Mama akifa nayo, tunabaki nayo sisi. Lakini hilo halikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kumwona kila Januari anafunga mlango taratibu, na kujua kwamba yuko ndani peke yake na ile picha, anaona haya.

Foro akatangaza kwamba msimu ule ndio wa mwisho. Mchezo wa mwisho uliangukia Jumapili mchana, siku mbili kabla ya sikukuu. Tulikuwa tunacheza na Farasi, na timu zote mbili zilikuwa zimeshatolewa kwenye mbio za ubingwa. Waliojaa uwanjani walikuja kwa ajili ya Foro. Na mtupaji wa Farasi alikuwa Wandel, mtoto wa kambi yetu sisi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwenye mkono wa kuvunja ubao.

Jumamosi Wandel alikuja kumsalimu bibi yake, na kama mtoto aliyelelewa, alipita kwanza kwa Mama.

"Nibariki, Doña."

"Mungu akubariki, mwanangu. Kesho tupa kwa nguvu zako zote, usitutie aibu."

Mimi nilimngojea nje na sahani.

"Wandel, njoo ule yanikeke."

Aliitazama sahani, akanitazama mimi. "Shangazi, wewe hujawahi kutoa yanikeke bure. Kuna nini?"

"Kesho mtupie Foro mmoja laini. Mmoja tu, katikati, kama unamtupia bibi yako."

Akatafuna kwanza. "Foro anajua?"

"Foro akijua atanichuna ngozi."

"Shangazi, Foro ndiye aliyenifundisha kushika mpira. Hapo hapo, kando ya hilo trekta lake bovu."

"Basi mrudishie fadhila. Yule mama ana Januari ngapi zilizobaki?"

Alichukua yanikeke ya pili akaenda. Usiku huo nililala vizuri, nikijiona nina akili kuliko Bikira.

Jumapili tulimketisha Mama nyuma ya kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, kwenye kivuli, na kipepeo chake cha kujipepea. Kwa sababu ya ule ukungu machoni, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Zamu ya kwanza Foro alikosa mipira yote mitatu anayoruhusiwa mpigaji, akatolewa. Ya pili mpira wake ulidakwa hewani na mtu aliyekuwa amesimama tu. Kisha ikaja zamu ya tatu, na kila mtu uwanjani alijua kwamba baada ya hiyo hakuna nyingine maishani mwake. Ngoma zilinyamaza. Hata muuza karanga alikaa chini.

Wandel akatupa, na mpira ukaja laini. Nimeona vitumbua vikipita hewani kwa kasi kuliko ule. Ulikuja katikati, mnene, mweupe, umejiweka tayari. Foro akautazama ukimpita mpaka ukaingia kwenye glavu ya mdakaji. Hakutikisa hata gongo.

Watu wakazomea. Mama akanishika mkono. "Wanamzomea nani? Amefanya nini?"

"Ameuacha mpira mzuri, Mama."

"Kwa nini?"

"Jua limempiga machoni," nikasema, na jua lilikuwa mgongoni kwake.

Mtu aliyedaka mipira miaka ishirini na miwili huwezi kumdanganya kwa mpira. Alikuwa amelisoma bega la Wandel kabla mkono haujafunguka. Alivua kofia ngumu, akamtazama Wandel. Kisha akageuka polepole kuelekea jukwaani, akatafuta, akatafuta, akanipata. Sitalisahau lile jicho. Nilitamani kujikunja niingie kwenye kikapu cha yanikeke.

"Nicolasa, mbona umenyamaza?"

"Nakohoa, Mama."

Foro akamwambia Wandel maneno ambayo tuliyajua baadaye. Alimwambia, "Doña alikubariki utupe hivyo? Tupa kama nilivyokufundisha, au niache nikaoge."

Wandel akatupa wa pili kwa nguvu zake zote, na Foro akapiga hewa. Nilifumba macho. Nilijua nimeharibu kila kitu. Alikuwa na mpira wake mmoja wa maisha, ukampita kwa sababu niliuchafua mimi kwa mkono wangu. Mama alikuwa anasali kimya, midomo inacheza.

Wa tatu sikuuona. Niliusikia. Nilifumbua macho nikauona mpira unakwenda chini chini kuelekea kona ya kulia, na mlinzi wa kona anajirusha, na mpira unampita chini ya glavu na kubingirika hadi nyuma ya lile turubai la mvua wanalolikunja ukutani. Akaingiza mkono nyuma ya turubai kama mtu anayetafuta yai.

"Nicolasa, sema."

"Amepiga, Mama. Anakimbia."

"Amefika wapi?"

"Kituo cha kwanza. Anaendelea."

"Na sasa?"

"Cha pili."

"Na sasa?"

"Bado cha pili, Mama."

"Nilikuwa nimeshafika cha tatu," anasema Foro barazani. Alikuwa cha pili, na nilidhani atafia pale. Lakini alikuwa anakuja. Kichwa nyuma, mdomo wazi, magoti yanapishana hovyo, kofia imeanguka. Uwanja mzima umesimama, na wachezaji wa Farasi wenyewe wanampigia makofi glavuni. Kocha wetu wa kituo cha tatu akainua mikono yote miwili kumwashiria asimame hapo. Foro akampita kama kibao cha barabarani. Nyuma yake mlinzi akawa ameshaupata mpira, ameurusha, unakuja.

Nami nikaacha kusema. Sikuweza. Mama alikuwa ananipiga na kipepeo begani, "Sema, mtoto wewe, sema," na mimi sina sauti.

Foro akajitupa kwa tumbo. Mpira, mdakaji, vumbi, vyote vikafika pamoja. Vumbi lilichukua muda wake kutulia. Mwamuzi akainama, akachungulia, akaipata mikono ya Foro imekumbatia kituo cha nyumbani, akatandaza mikono yake pande mbili. Amefika salama.

Sijui nani alimkumbatia nani. Najua kikapu changu cha yanikeke kiliruka na sikukifuata. Mdakaji wa Farasi, mtu asiyetujua, alimfuta Foro vumbi usoni kwa mkono wake kisha akamwekea mpira kiganjani. Wandel alikuja mbio kutoka katikati, aliyepigwa mwenyewe, akambeba Foro begani.

Mama alikuwa ameketi vilevile. Nilipopata sauti nikamwambia, "Jonroni, Mama. Imeandikwa kitabuni."

"Umevuka ukuta?"

Hapo nikaogopa. "Haukuvuka, Mama. Amekimbia."

"Amekimbia vyote vinne?"

"Vyote vinne."

Akakiweka kipepeo mapajani. Nilidhani ataukataa kama ule wa mvua, na nikaanza kutafuta maneno. Nikaona machozi yanamshuka, naye hayafuti.

Jioni Foro alikuja jikoni kwangu akichechemea, akaketi kwenye gunia la unga. "Ule wa kwanza ulikuwa wako, Colasa?"

"Ulikuwa wangu."

"Ningeupiga ule, Jumanne tungempelekea Bikira yanikeke."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Zimebaki?" akauliza. Akala sita.

Jumanne Mama alivaa gauni la bluu alilolishona kwa siku hiyo nilipokuwa bado sijaolewa. Lilimpwaya, nikalikaza kwa pini. Higüey palikuwa pamejaa watu, mishumaa, watoto waliovishwa kama malaika, na foleni ya kuifikia ile picha ilianzia nje. Mama hakutaka kupewa nafasi ya wazee. Alisema amechelewa miaka thelathini na mitano, hana uso wa kuruka foleni. Tulisimama saa mbili. Wakati wote mpira aliukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Tulipofika mbele ya kioo kinachoifunika picha, akauweka mpira chini ya picha. Nilidhani amemaliza, nikamshika mkono tuondoke. Hakuondoka.

"Foro, kunja suruali."

"Mama, tuko kanisani."

"Kunja."

Mzee wa miaka arobaini na mmoja, baba wa watoto watatu, akainama mbele za watu akakunja suruali yake ya Jumapili, mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Magoti yalikuwa yamechubuka yote mawili, yamevimba, yana plasta mbili nilizombandika mimi. Mama hakuona vizuri, kwa hiyo aliinama akayashika, moja kwa kila mkono, akayapapasa kama alivyokuwa akiyapapasa nilipokuwa na miaka minane.

"Miaka yote hii nilikuwa nakuomba ukuta," akamwambia Bikira, kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na jirani. "Mjinga mimi. Wewe ulitaka kuiona miguu ikikimbia. Haya, hii hapa. Itazame."

Foro alilia, na akikataa hapo barazani msimsikilize. Nyuma yetu foleni ilifika hadi uani na hakuna aliyetuharakisha. Foro akasimama hivyo hivyo, suruali imekunjwa, mpaka Mama aliporidhika.